Saa ya Kadi na Dirisha la Karani

Miaka ya mwanzo ya tisini, sisi wa Mukuru kwa Njenga, Nairobi, tulijua kumekucha kwa miguu ya watu. Ukiwa bado umejikunyata ndani ya chumba cha mabati, godoro la sponji likipakana na stovu ya mafuta ya taa, ulimsikia mmoja akipita, kisha watano, kisha kijia kizima kikajaa nyayo na vikohozi: wanaume waliofunga ovaroli ndani ya mifuko ya nailoni, kina mama waliojitanda leso, wote wakielekea Industrial Area kwa miguu maana nauli ya matatu ingekula unga wa jioni. Tulifuata reli gizani. Viwanda tulivinusa kabla ya kuviona. Kwanza sabuni, kisha mpira, na upepo ukigeuka, biskuti za moto, harufu iliyomtesa mtu aliyetoka nyumbani bila chai.

Nyayo hizo zingali zinapita. Mpwa wangu hatoki nazo. Kwake, kutoka kitandani hadi kazini ni hatua tatu.

Mimi nilianza kwa kusimama getini kama kila mtu, miezi kadhaa, nikisubiri mnyapara atoke na kalamu sikioni anyooshe kidole: wewe, wewe, na yule wa shati jekundu. Mwaka 1994 nikaitwa ndani kumsaidia karani wa wafanyakazi, kwa kuwa mwandiko wangu ulisomeka. Hapo ndipo nilipoijua saa ya kadi kwa karibu. Ilikuwa imetundikwa ukutani kwenye kijukwaa cha mbao, rangi ya kijani iliyobanduka, na kando yake rafu yenye matundu ya kadi za kaki, kila kadi na namba yake. Uliitia kadi yako mdomoni mwa saa, ukabonyeza, ikalia kra, na wino wa zambarau ukaacha dakika uliyoingia. Ukichelewa dakika 3, ulikatwa nusu saa. Saa ile haikuwa rafiki wa mtu.

Ila ilikuwa na mwenyewe. Mzee mmoja fundi aliitunza, akaitia mafuta, akabadilisha utepe wa wino na kurekebisha meno yake kila ilipokwama, na karakana yake ilipakana na ofisi yetu kwa ubao mwembamba uliokuwa na tundu la kupitishia kadi. Mtu mpya akiandikwa, niliandika jina kitabuni, nikajaza kadi, nikaipenyeza tunduni. Kabla wino haujakauka mzee alikuwa ameshaipachika kwenye rafu na kumwonyesha mgeni jinsi ya kubonyeza. Mtu akiacha kazi, kadi ilirudi kwa njia hiyohiyo siku hiyohiyo. Na kadi ikikaa siku mbili bila kupigwa, mzee aligonga ubao.

"Karani, 214 hajaonekana. Ana nini?"

Nami nilitoka kwenda kuwauliza wanaoishi naye ploti moja, na mara nyingi jibu lilikuwa mtoto amelazwa, au nyumba imeungua, au amesafiri mazishini. Kufikia chai ya saa nne karatasi ya mchango ilikuwa imeshazunguka mashine zote.

Leo kazi zetu mbili zina majina makubwa. Yangu inaitwa rasilimali watu, ya mzee inaitwa TEHAMA. Vijana husema HR na IT. Ubao umeondoka. Zinaweza kukaa majengo mawili, miji miwili, hata nchi mbili.

Kazi ya kompyuta haikutuangukia ghafla. Samasource, iliyoanzishwa na Leila Janah mwaka 2008, ilikuwa imewaajiri vijana wa mitaa ya Nairobi kama yetu kupanga picha na data miaka mingi kabla ya korona, na mwaka 2016 serikali ikaleta mpango wa Ajira Digital wa kuwafundisha vijana kutafuta kazi mtandaoni. Kisha tarehe 15 Machi 2020, siku mbili baada ya mgonjwa wa kwanza kutangazwa nchini, Rais Uhuru Kenyatta alihimiza waajiri wawaruhusu watu wafanyie kazi nyumbani. Neno hilo, nyumbani, lilikuwa na maana moja Kileleshwa na nyingine kabisa Kwa Njenga, ambako chumba kimoja ndicho jiko, ndicho sebule, ndicho chumba cha watoto, na stima ni ya kuvutwa kwa waya wa sambaza unaoning'inia juu ya mtaro.

Mpwa wangu aliajiriwa mwaka uliofuata na kampuni ambayo sitaitaja. Barua ya kazi ilimfikia Jumatatu kwenye simu, tukafurahi, mama yake akachinja kuku. Nywila ya kuingilia kwenye mfumo haikuja. Alipowauliza watu wa HR, walisema hilo ni la IT. IT wakasema jina lake hawajaletewa na HR. Ilikuja Ijumaa, na kwa kuwa mshahara ulihesabiwa tangu siku ya kwanza ya kuingia kwenye mfumo, siku nne zilipotea katikati ya milango miwili isiyopakana. Niliumia, kwa maana kazi hiyo mimi niliifanya kwa kupenyeza kadi tunduni.

Oktoba mwaka huo huo tingatinga zikaingia Kwa Njenga kufungua njia ya barabara, na hadi Novemba maelfu ya familia zilikuwa zikilala kwenye mahema juu ya vifusi vya nyumba zao. Wasomaji wa Eastlands mnakumbuka vumbi lile. Mpwa wangu alitoka na laptopu ya kampuni akiwa ameiviringisha kwenye blanketi, kabla hajaokoa sufuria hata moja. Siku tatu hakuwa na stima wala mahali pa kukaa. Siku ya nne alichaji simu dukani kwa mtu, akakuta barua tatu zilizotumwa na mfumo wenyewe, hazina sahihi ya mtu yeyote, kila moja kali kuliko iliyotangulia. Ya tatu ilisema atahesabiwa kuwa ametoroka kazi.

Nimeliwaza sana jambo hilo. Mashine ya watu wa IT ilijua dakika aliyonyamaza: saa nne na dakika 12 asubuhi. Watu wa HR waliona tingatinga zetu kwenye habari za jioni kama Wakenya wote. Mmoja alikuwa na ukimya mkononi, mwenzake alikuwa na sababu yake, na hawakuwa na ubao wa kugonga. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema ubaya wa kazi hizi ni umbali wa mfanyakazi na ofisi. Sisi tulikuwa mbali na wenye kiwanda kuliko mbingu na ardhi. Umbali unaoua ni ule ulio baina ya vyumba viwili vya ofisi hiyohiyo.

Sheria ipo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 41, inamtaka mwajiri anayekusudia kumfukuza mtu kwa utovu wa nidhamu au uzembe amweleze sababu katika lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama, na amsikilize kwanza. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 nayo, kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutohukumiwa na mashine peke yake katika uamuzi mzito unaomhusu. Lakini aliyesoma kifungu cha 41 kwenye kampuni ni HR, na aliyeuandika mfumo unaotuma barua ni IT.

Nisije nikaipamba ofisi yangu ya zamani. Ubao ule mwembamba ulisikika pande zote. Miaka ile ya tisini, ugonjwa ambao hatukuthubutu kuutamka ulipokuwa ukitumaliza, mama mmoja wa idara ya kufungasha alileta barua ya kliniki dirishani kwetu kuomba ruhusa, ikaachwa juu ya meza ikiwa wazi, na kufikia king'ora cha mchana hakuna aliyekubali kula naye. Aliacha kazi mwezi huohuo. Meza ile ilikuwa yangu pia. Leo barua kama hiyo hufungiwa kwenye faili inayofunguliwa na watu wawili au watatu, na mfumo huandika nani ameisoma na saa ngapi. Kufuli hiyo ni kazi ya IT. Kuamua nani apewe ufunguo ni kazi ya HR. Tungekuwa nayo, mama yule angebaki.

Na geti nalo. Wanyapara walichukua kitu kidogo kutoka kwa wanaume, na kwa wasichana walitaka makubwa zaidi ya hicho. Mpwa wangu hakumpa mtu chochote. Alifanya mtihani mtandaoni, akapita. Ananyonyesha saa nne na kurudi mezani. Hilo siwezi kulibadilisha kwa harufu yoyote ya biskuti.

Mpwa wangu alizijibu zile barua tatu za mfumo kwa Kiswahili, akaambatisha picha ya mahali palipokuwa mlango wetu. Baada ya wiki moja, alipokwisha kupata chumba upande wa Pipeline, walikuja watu wawili pamoja: mama wa HR na kijana wa IT. Mvua ilikuwa imenyesha, nikawapokea barabarani, wakanifuata wakiruka madimbwi, kijana amebeba mkoba wa vifaa, mama ameshika viatu mkononi.

"Mzee, hapa stima hupotea mara ngapi?" akauliza kijana.

"Ikikaa siku nzima, tunashangaa," nikamwambia.

Mama hakusema kitu. Aliketi kitandani, akatazama meza, dirisha, mtoto, na kufuli ya mlango. Nadhani ni mara ya kwanza kanuni ya "chumba tulivu chenye intaneti ya uhakika" ilikutana na chumba chenyewe. Walizungumza wao kwa wao kuliko walivyotuuliza sisi, na hilo ndilo lililonifurahisha. Kijana alisema mfumo unaweza kutofautisha aliyekatikiwa na stima na aliyeacha kazi makusudi, ila hakuna aliyewahi kumwomba autenganishe. Mama akasema yeye hakujua kuwa jambo hilo linawezekana.

Walimletea betri ya akiba na bando la mwezi, na minyororo ya kufungia laptopu mezani. Barua za mfumo sasa hazimfikii mtu kabla HR hajazisoma. Orodha ya wanaoajiriwa huenda pande zote mbili siku moja, na ya wanaoondoka vivyo hivyo, ili asiwepo aliyeacha kazi ambaye nywila yake ingali hai. Kipimo cha kuhesabu vidole kwenye kibodi kilikuwa kimewekwa bila kumwambia mtu. HR walipouliza kinapima nini hasa, kikaondolewa. Siku nne za mshahara hazikurudishwa.

Karatasi ya mchango nayo haina mahali pa kuzunguka. Mpwa wangu amefanya kazi na watu 30 ambao hajui sauti zao. Mmoja alifiwa na mume mwaka juzi, na mpwa wangu alijua baada ya mazishi.

Wiki iliyopita transfoma ililipuka, giza likatuingilia tangu Jumanne. Jumatano alasiri nilikuwa kwake nikimshikia mtoto, simu yake ikaita. Alikuwa yule mama wa HR, na nyuma yake nikasikia sauti ya kijana.

"Tumeona hujaingia tangu jana mchana. Uko salama?"

Mpwa wangu alieleza habari za transfoma. Kijana akadakia kuuliza kama betri imebaki na kiasi gani. Mpwa wangu alipokata simu alianza kupekua sufuria akitafuta kiberiti, nami nikatamka kwa sauti, sijui kwa nini, 214.

"Nini, Anko?"

Nikamwambia awashe taa kwanza, nitamsimulia.