Mlio Uliogeuka Taarifa

Usiku mmoja bunduki ililia jirani na kambi. Mzee mmoja, mwuza mkaa, aliisikia, na kulipokucha akaenda kituoni kutoa ushahidi wake kwa Kiswahili. Koplo wa zamu, aliyejivunia sana kamusi yake, alitafuta neno la Kiingereza la mlio wa bunduki, akalipata: "report". Basi akaandika kwa Kiingereza kwamba mzee alisikia "report" saa saba usiku.

Jalada lilipofika kwa mkubwa wake, lilirudishwa upesi. Mkubwa alidhani kwamba mzee hakusikia bunduki, bali alipashwa habari na mtu mwingine. Na ushahidi wa namna hiyo haupokelewi mahakamani kwa urahisi. Kwa neno moja tu, shahidi aliyesikia kwa masikio yake mwenyewe akageuka mchukuzi wa uvumi. Mzee akaitwa tena, akaja kwa miguu, na biashara yake ya siku nzima ikapotea.

Jioni ile koplo aliketi na mkewe, na binti yao wa darasa la saba akawasomea kamusi. Kumbe maneno mengi ya kishindo yana sura zaidi ya moja! "Crack" ni mlio mkali wa mjeledi au wa risasi. Tena ni ufa wa ukutani. Lakini kikosi kikiitwa hivyo hakina ufa wowote, bali ni kikosi hodari. "Boom" ni mvumo wa mzinga. Tena ni biashara kustawi ghafula. Na kwa mabaharia ni mti unaoshikilia tanga kwa chini. "Racket" ni makelele. Tena ni kipigio cha mpira wa tenisi. Na polisi hulitumia kwa biashara ya ulaghai.

"Lugha hii ina hila, mama watoto," koplo akasema kwa uchungu.

Mkewe akacheka. "Na yetu je, baba? Redio ikitangaza kwamba mgeni amepigiwa mizinga 21, mbona hatuulizi nyuki wamekimbilia wapi?"

Koplo akanyamaza. Kesho yake aliandika upya, kwa maneno mepesi ambayo hata binti yake angeyaelewa, kwamba mzee alisikia sauti ya bunduki ikipigwa. Kisha akamfasiria maneno yote, moja baada ya jingine, kabla ya kumwomba aweke dole gumba. Maana anayeandika maneno ya mwenziwe amebeba amana, na amana hairudishwi nusu.