Maji Yalisemaje?

Nilimshauri jirani yangu wa Riruta aitupe ndoo ambayo huenda ilikuwa ikiwakinga wanawe. Nilikuwa na karatasi ya maabara mkononi, basi sikuona haja ya kusitasita.

Ndoo yenyewe ilikuwa kichujio cha makaa ya mifupa ya ng'ombe, kama yale ambayo Dayosisi Katoliki ya Nakuru imeyatengeneza kwa miaka mingi. Visima vingi virefu vya Nairobi hutoa maji yenye floridi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, na kifungua mimba wa mama huyu tayari alikuwa na meno ya kahawia. "Daktari, hii kitu inashika kweli?" akaniuliza. Nilikuwa mwanafunzi wa kemia tu, ila cheo nilikipokea.

Nilichukua konzi ya makaa yaliyotumika na mengine mapya, nikayakausha kwenye oveni, nikayasaga, nikayapiga eksirei. Michoro ikafanana kama mapacha. Nikamwambia, "Mama, hayashiki kitu."

Ujinga wangu ulikuwa hapa. Makaa hayo kwa sehemu kubwa ni madini ya hidroksiapatiti, na floridi huondoa hidroksili kwenye uso wa punje ikakaa mahali pake. Hata fuwele ikibadilika yote, upana wa kizio chake hupungua kutoka nanomita 0.942 hadi 0.937 tu, na vilele vya mchoro wa makaa ya mifupa ni vipana kiasi cha kumeza tofauti hiyo. Isitoshe, eksirei yangu ilisoma punje nzima, kavu, ilhali kazi hufanyika juujuu, ndani ya maji. Wanaochunguza uso uliolowa hutumia miale mikali ya eksirei kutoka mtambo mkubwa uitwao sinkrotroni, kama ule wa maabara ya Argonne karibu na Chicago: huacha utando mwembamba wa maji juu ya fuwele, miale ikapenya na kuonyesha atomi za juu zilivyojipanga. Afrika haina sinkrotroni.

Lakini sikuihitaji. Elektrodi ya kupimia floridi ilikuwa kabatini, maabara ileile. Eksirei ilinipa fahari zaidi, basi.

Msimamizi wangu alipotazama michoro aliuliza swali moja: "Na maji yalisemaje?"

Nilirudi kwa jirani. Makaa yalishamwagwa, ndoo imepandwa sukuma wiki.

"Kwa hivyo ilikuwa inafanya kazi?"

"Sijui, mama. Sikupima maji."