Usiku wa Ramadhani Mjini Istanbul

Kabla ya safari tuliambiwa kuwa usiku wa Istanbul ni wa walevi. Asubuhi ile ya Ramadhani tulizuru Hagia Sophia, jengo lililokamilika kama kanisa mwaka 537, likawa msikiti mwaka 1453, kisha makumbusho, na kurejeshewa swala mwaka 2020. Alasiri tulivuka Bosphorus kwa feri hadi Üsküdar, upande wa Asia, tukarejea.

Magharibi ilipokaribia, uwanja wa Sultanahmet ulijaa familia zilizotandika mikeka zikisubiri adhana. Tulikaribishwa futari na watu tusioijua lugha yao. Baada ya Tarawehe, waume na wake zao, mababu na wajukuu, walitembea pamoja na kunywa chai. Juu yao zilining'inia mahya, taa zinazotungwa baina ya minara kuandika maneno ya kheri.

Mabaa yalikuwapo, hatukuyahitaji. Kwetu, baada ya Tarawehe, mume huelekea barazani, mke akabaki na vyombo. Nasi tumeazimia: Ramadhani ijayo, inshaallah, vyombo tutaviosha pamoja, kisha tutatoka pamoja.