Mstari wa Pili

Mama aliambiwa asile chochote kuanzia saa 2 usiku. Asubuhi, tukiwa kwenye foleni ya ultrasaundi, akaninong'oneza: "Nilikunywa chai. Kikombe kidogo tu."

Ya maziwa, bila shaka. Mfuko wa nyongo ukipata mafuta hujikamua na kusinyaa, daktari asione vizuri kilichomo. Tukarudishwa nyumbani.

Nilimfokea ndani ya daladala, mbele za watu. Haikuwa chai. Wiki ile kipimo cha damu kilionyesha ana homa ya ini B, na virusi hivyo mama anaweza kumwambukiza mtoto anapojifungua. Mimi ndiye kifungua mimba wake.

Siku ya marudio nikapimwa na mimi. Tone la damu ya kidole, kijiplastiki cheupe, dakika 15. Mstari mmoja, huna. Miwili, unao. Mama, ambaye safari hii hakuonja hata maji (na maji aliruhusiwa), alikikodolea macho kuliko mimi.

"Ikiwa miwili, mwanangu, usinichukie."

Mstari wa kwanza ulikuwa umeshatokea. Nikamshika mkono, tukaendelea kutazama.