Tanga la Babu Lilivyotupeleka Lamu

Je, msomaji, umewahi kulitazama tanga likijaa upepo? Kama hujawahi, panga safari ya Lamu. Ukitoka Nairobi waweza kupanda ndege hadi Manda, au basi hadi Mokowe kisha uvuke kwa boti. Usishangae ukiona punda wengi kuliko magari.

Mwandishi wako alifika huko Agosti, kusi ikivuma, akiandamana na kijana wa jirani anayesomea filamu za katuni katika chuo kimoja jijini. Mradi wake ni filamu ya dakika tatu kuhusu babu yake mzaa mama, nahodha ambaye hakuacha hata picha moja akiwa chomboni. Mwalimu alikuwa ameukataa mara moja. Ukikataliwa tena angerudia mwaka, na mama yake hana karo nyingine.

Bibi yake aliitazama kompyuta pale barazani, akaguna. "Hiyo ni leso, mjukuu wangu. Babu yako hakusafiri kwa leso."

Kisa ni hiki. Ndani ya kompyuta, kitambaa ni wavu wa nukta zilizoungwa kwa springi zisizoonekana. Mashine hukokotoa uzito, mvutano na upepo kwa kila nukta, picha baada ya picha, na sekunde moja ya filamu hula picha 24. Wavu wa nukta 50 kwa 50 una nukta 2,500, hebu piga hesabu! Programu aliyotumia, Blender, ilianzia Uholanzi na imekuwa huria tangu 2002, hivyo hulipi hata senti. Lakini kijana alikuwa ameacha vipimo vya uzito na ugumu kama alivyovikuta, na tanga alilifunga pembe moja tu.

Basi tukakodi mashua kwenda Shela. Nahodha alimpa kijana demani aishike. Mkono ukavutwa nusura aanguke! Hapo akaona kwamba tanga hukazwa kwenye foromali kuanzia ncha hadi ncha, na chini huzuiwa na kamba ile moja.

Shela kuna vilima vya mchanga, na huko ndiko alikopata somo la pili. Katika filamu yake mchanga ulipaa kama moshi. Ukilala kifudifudi (nililala, na nguo zangu zikakoma), utaona chembe zikiruka chini chini, zikianguka na kuzigonga nyingine, nazo zikaruka. Chembe za kompyuta nazo hupewa mwendo, uzito na muda wa kuishi. Alizipunguzia muda, akaziongezea uzito.

Usiku tanga likapenya mlingoti kama jini; alikuwa amesahau kuiambia mashine kwamba mlingoti ni kizuizi. Alipomaliza kurekebisha, umeme ukapotea, na betri yake ni kuukuu. Kazi ya saa mbili ikaenda. Sikumwona akilia, ila alikaa kimya sana.

Alianza upya, akihifadhi kila hatua. Alfajiri akamletea Bibi kompyuta. Tanga likatuna, mashua ikalala ubavu. Bibi alisogea karibu, akaitazama mara mbili bila neno.

"Mwambie alegeze demani," akasema. "Upepo huu utampindua."