Barua ya Baba na Mvinyo wa Vougeot

Asubuhi moja ya Machi 1994 nilipanda basi pamoja na wanafunzi wenzangu wa lugha mjini Dijon, mashariki mwa Ufaransa, barua ya baba ikiwa mfukoni mwa koti langu. Ilikuwa imenifikia siku mbili kabla. Baba si mtu wa maneno mengi. Alileta salamu za nyumbani na habari za mvua, kisha akauliza swali moja: ang'oe mizabibu au aiache? Msimu uliopita kiwanda kilichokuwa kikinunua zabibu za kijiji chetu, jirani na Hombolo huko Dodoma, hakikuleta gari, na zabibu zikaozea shambani. "Wewe uliyesoma, mwanangu, niambie," alimalizia.

Safari yenyewe ilikuwa ya kwenda kuona mvinyo unavyotengenezwa. Sina budi kukiri kwamba mimi, mtoto wa mkulima wa zabibu, nilikuwa sijawahi kuuonja. Wala baba. Kwetu zabibu zilikuwa za kuuza; watu wazima walikunywa pombe ya mtama.

Kwanza tulisimama Vougeot, kilometa kama 20 kusini mwa Dijon. Shamba la pale lilianzishwa na watawa wa Cîteaux katika karne ya 12, na ukuta wa mawe bado unazunguka hekta zake kama 50. Baada ya Mapinduzi ya 1789 watawa walinyang'anywa. Baadaye shamba likauzwa na kugawanywa, na leo lina wenyewe wapatao 80, wengine wakimiliki mistari michache tu. Nilipiga hesabu papo hapo. Wangegawana sawasawa, kila mmoja angepata ekari moja na nusu hivi. Baba alikuwa na mbili! Nami nilidhani kila mkulima wa Ulaya ana shamba lisiloonekana mwisho.

Mchana tulikwenda kijiji cha jirani kwa mzee mmoja aliyetengeneza mvinyo wake mwenyewe. Huko nje watu walikuwa wakipogoa mizabibu na kuchoma matawi makavu ndani ya toroli la chuma, na moshi ule ulinirudisha nyumbani kabisa. Tukashuka ngazi hadi kwenye ghala lililochimbwa ardhini, lenye baridi na giza, mapipa ya mwaloni yamepangwa pande zote mbili, kila moja la lita 228. Mzee alichota kidogo kwa mrija wa kioo, akatumiminia. Wenzangu walionja, wakatema. Ndiyo desturi, kumbe, lakini mimi sikuweza kutema zabibu za mtu mbele yake. Nilimeza. Ulikuwa mkali na mchachu, na sikuupenda.

Ndipo nikamuuliza, kwa Kifaransa changu cha kuungaunga: "Mzee, mwaka ambao wanunuzi hawaji, unafanyaje?"

Hakunielewa mara moja. Alipoelewa, alipiga pipa kwa kiganja kama mtu anayempapasa ng'ombe. "Nangoja," akasema.

Halafu akatusimulia habari za babu yake. Mwishoni mwa karne ya 19 kijidudu kiitwacho filoksera kilikula mizizi ya mizabibu karibu Ufaransa yote, na babu akang'oa shamba zima. Alipopanda upya, alipandikiza vikonyo vya zabibu zake juu ya mizizi iliyotoka Marekani, ambayo kijidudu hakikuiweza.

Ndani ya basi wenzangu waliimba. Mimi niliwaza lile neno moja. Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, mzee yule mara moja. Jua tunalo kumzidi. Lakini zabibu mbichi zikishakatwa zinampa baba siku chache tu, na yeyote mwenye gari anaweza kumtajia bei aitakayo, au asije kabisa. Mzee alikuwa na pipa, na pipa lilimpa miaka.

Usiku ule nilimwandikia baba asing'oe. Nilijaza kurasa tatu, nikachora na pipa.

Jibu lilifika baada ya wiki saba. Alinishukuru, akauliza pipa kama lile linauzwa wapi na kwa shilingi ngapi. Barua yangu, alisema, ilichelewa; alikuwa ameshang'oa mistari yote ya upande wa bondeni. Iliyobaki ameiacha kwanza.