Tunaingoja kwa Hamu, Hatuikimbilii



Tarehe 5 Juni 2025, mahujaji walipokuwa wamesimama katika uwanja wa Arafa na baadhi yetu huku pwani tukiwa katika saumu, kampuni ya Nintendo ya Japani ilianza kuuza mashine yake mpya ya michezo ya video, iitwayo Switch 2. Nyumba nyingi hazikuwa na habari. Nyumba yangu ilikuwa nayo tangu mwezi wa Januari, mashine hiyo ilipotangazwa, kwa kuwa nina kijana wa miaka 14 asiyepitwa na jambo kama hilo.

Aghalabu sisi wazazi hulipokea tamanio la mtoto kwa njia mbili. Ama tunalikemea papo hapo na kuliita upuuzi, ama tunalitimiza haraka ili tupumzike na kelele. Miezi hii imenionyesha kwamba ipo njia ya tatu, nayo ni kulingoja tamanio pamoja na mtoto, huku tukilichunguza.

La kuchunguza halikukosekana, maana mashine hii ilizaliwa katika misukosuko. Bei ilitangazwa tarehe 2 Aprili: dola 450 za Marekani, yaani takriban shilingi 58,000, kabla ya kuongeza usafiri na ushuru wa forodha. Ile ya kwanza, mwaka 2017, ilianza kwa dola 300. Mchezo mmoja mpya, Mario Kart World, uliwekewa bei ya dola 80. Siku hiyohiyo serikali ya Marekani ikatangaza ushuru mpya kwa bidhaa za nchi za nje, na baada ya siku mbili Nintendo ikaahirisha kupokea oda za Wamarekani mpaka hali ieleweke. Huko Japani, watu wapatao milioni 2.2 waliomba kuuziwa katika duka la kampuni yenyewe, ikabidi wapigiwe kura, na wengi wakakosa. Hata siku ya kuuzwa haikupita salama: duka moja huko New York lilizibana risiti kwa pini za stepla juu ya maboksi, na pini zikatoboa vioo vya mashine mpya. Pamoja na hayo yote, mashine zaidi ya milioni 3.5 ziliuzwa duniani katika siku 4 za mwanzo.

Sasa nieleze kwa nini mambo ya mbali kiasi hicho yaligusa nyumba yangu. Miaka miwili iliyopita nilimwahidi mwanangu kwamba akiweka nusu ya bei ya mashine ya michezo, mimi nitaongeza nusu ya pili. Akaanza kuweka. Mkono wa Idi haukuguswa. Siku za likizo alimsaidia mjombake dukani, na ujira wake ukaingia koponi. Ilipofika Aprili alikuwa na shilingi 21,000, zinazozidi nusu ya bei ya ile mashine ya kwanza. Lakini moyo wake ulikuwa umeshahamia kwenye mpya, na nusu ya mpya ni shilingi 29,000.

“Mama,” akaniambia, “kila nikiukaribia mlango, mlango unasogea.”

Sikuwa na jibu la haraka. Nyanyake, aliyekuwa akisikiliza, alinivuta kando akanionya kwamba mtoto aliyeahidiwa kisha akazungushwa hujifunza kutomwamini mzazi wake, na kwamba ahadi ni deni hata kwa mdogo. Maneno yake yalikuwa ya haki. Lakini pia nilikuwa na ada ya shule ya watoto watatu mbele yangu, na kitu ambacho hata walionacho walikuwa wakikilalamikia.

Nikakaa naye tukayatafuta malalamiko hayo moja baada ya jingine. Tukakuta kwamba betri hudumu kati ya saa 2 na saa 6 na nusu, kulingana na mchezo, pungufu ya mashine za kabla yake zilizotengenezwa miaka ya karibuni. Kadi za zamani za kuhifadhia hazifai kwa michezo yake. Yahitaji kadi za aina mpya zilizo ghali zaidi. Kisha kuna michezo inayouzwa kwa kadi ambayo ndani yake hamna mchezo wenyewe, ila ufunguo tu wa kuupakua kwenye intaneti. Kwetu sisi tunaonunua bando kwa kuhesabu, hilo si jambo dogo.

Tukatazama na yaliyopita. Mwaka 2011 Nintendo hiyohiyo ilileta mashine ndogo ya mkononi, 3DS, ikaiuza Marekani kwa dola 250. Wanunuzi wakawa wachache, na haikumaliza nusu mwaka kabla bei haijashushwa hadi dola 170. Waliotangulia kununua walifidiwa michezo 20 ya zamani, na rais wa kampuni, marehemu Satoru Iwata, akajikata nusu ya mshahara wake. Mashine iliyoanza kwa kujikwaa hivyo iliishia kuuzwa zaidi ya milioni 75. Mwaka 2007 nao, Microsoft ililazimika kurefusha waranti ya Xbox 360 hadi miaka 3 na kutenga zaidi ya dola bilioni 1, kwa sababu ya mashine zilizokuwa zikiwaka taa nyekundu na kufa. Kasoro ile haikuonekana siku ya uzinduzi. Waliigundua wanunuzi wa mwanzo, majumbani mwao.

Hata hivyo, sikumdanganya mwanangu kwamba mwenye kungoja hupata bei nafuu daima. Agosti ya mwaka 2025 Nintendo iliipandisha bei mashine yake ya zamani huko Marekani, ya miaka 8 sokoni, badala ya kuishusha. Subira huvuta heri, lakini heri yenyewe huenda isiwe punguzo la bei. Nilimwambia kwamba anaweza kungoja mwaka mzima na akalipa fedha zilezile, na kwamba bado atakuwa amepata kitu: atakuwa ameijua nafsi yake inapotaka, na ameweza kuishika hatamu.

Alinuna siku mbili. Siku ya tatu akaja na daftari. Alikuwa ameandika mwenyewe kwamba hataki mashine kabla ya mtihani wa Gredi ya 9, kwa kuwa akiwa nayo hatasoma. Chini yake akaandika kiasi kilichobaki, na likizo atakazofanya kazi. Nami nikaandika sehemu yangu: nusu ya bei yoyote itakayokuwepo siku hiyo, hata ikipanda. Sote wawili tukatia sahihi, na nyanyake akawa shahidi.

Hamu yetu haijapungua, yangu pia. Mashine hii huja na vishikio viwili vinavyochomoka, hivyo yeye na dadake wanaweza kucheza pamoja bila kununua kingine. Napenda wakicheza sebuleni, nisikie wanachokisema na niwaite wakati wa sala, kuliko kumtafuta kijana magharibi katika vibanda vya gemu vya mtaani.

Kwa wenzangu wenye hamu kama hii, nina nasaha chache. Anayeagiza kupitia jamaa aulize kwanza mashine ni ya soko gani. Huko Japani ipo ya bei nafuu inayozungumza Kijapani pekee. Itokayo Dubai ina plagi ya pini tatu kama zetu, ya Marekani huhitaji adapta. Anayenunua iliyotumika aijaribu kwenye intaneti kabla ya kulipa, kwani kampuni huzifungia huduma za intaneti mashine zilizotumiwa kwa michezo ya wizi. Na michezo ya wizi tusiwanunulie watoto, kwani ni jasho la watu.

Kopo sasa lina shilingi 24,500. Kila mwisho wa mwezi tunalifungua na kuhesabu pamoja, kisha hutoa kidogo cha sadaka kwa hiari yake, na kopo hufungwa tena.

Mwenyezi Mungu atujaalie wana wenye subira, na atujaalie sisi wazazi kutimiza tunayowaahidi. Amin.